Komeo la Mke wa Mwoka Mikate

"Huendi," alisema Noof, akaupachika mgongo wake mlangoni.

"Nnakwenda."

"Badr, magharibi hiyo inaingia!"

"Nnakwenda kununua mkate, bibi we, siendi vitani. Dukani na kurudi. Ondoka hapo."

"Tule wali wa mchana."

"Ule wewe. Toka tumerudi safari, nyumba hii haijaonja mkate wa moto. Jua likiinama tu, sote ndani kama kuku. Mwanamume mzima mimi, na ndevu zangu, nifungiwe bandani?"

"Na paka aliyebaki nje juzi je?"

Badr alichukua funguo za gari. "Paka kagongwa na gari."

"Gari gani hiyo iliyopanda ngazi, ikaja kumgonga barazani? Nambie, gari gani?"

Badr alimshika dada yake mabegani, akamsogeza pembeni polepole, kama mtu anayesogeza kiti. Alikuwa mwangalifu asiuguse mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vya mkono ule vilikuwa vimefungwa pamoja kwa bendeji. Wiki iliyopita mama yao aliubamiza mlango huo huo juu ya vidole hivyo, na Noof alipopiga ukelele, mama aliendelea kusukuma.

"Mwambie mama asubiri kidogo," alisema Badr. "Nitawahi."

Gari yake ikatoka getini. Noof akabaki anaitazama barabara ya mtaa wao wa Hail, Maskat, nyumba nyeupe zimejipanga mpaka karibu na pwani, na jua limeshakuwa jekundu.

Baba yao alikuwa mbali, bandarini Duqm, kazini. Nyumbani walikuwa watatu tu, Noof, kaka yake Badr, na mama yao, Bi Nasriya. Shangazi yao Maha, anayekaa Al Amerat, aliahidi kuja Ijumaa na shekhe wa kumsomea mama. Kwenye simu alikuwa amemwambia Noof neno moja tu, tena kwa kunong'ona. "Mpaka Ijumaa, mwanangu, komeo likifungwa asibaki mtu nje. Hata kuku."

Na leo ilikuwa Jumatano.

Mambo yalianzia Ufaransa.

Mji wenyewe Badr aliuona kwenye simu, mji mdogo wa kale, umezungukwa na ukuta wa mawe, na bahari si mbali. Wengine wa Maskat wakikimbia joto huenda miji mikubwa. Mama alisema yeye anataka pahala pa kutembea kwa miguu. Walipofika alifurahi kama mtoto. Nje ya ukuta kulikuwa na tambarare tupu, mabwawa ya maji ya chumvi yenye rangi ya waridi, na vilima vya chumvi vyeupe ambavyo kwa mbali ungedhani ni theluji. Ndani ya ukuta vichochoro vilikuwa vyembamba. Mama alipiga picha kila dirisha lenye maua, akasema panamkumbusha Mji Mkongwe, ila hapa hakuna mtu wa kukwambia subalkheri.

Nyumba waliyopanga ilikuwa ya mawe. Chini palikuwa na chumba kikubwa chenye tanuri la zamani lililozibwa, na mlango mnene wa mbao unaotazama njiani. Mwenye nyumba alikuwa bibi kizee mwembamba, Odile jina lake. Alizungumza na simu ya Badr, na simu ikawatafsiria kwa Kiarabu.

"Ufunguo, tumieni. Komeo, msiliguse."

Komeo lilikuwa la chuma, nene kama mkono wa mtoto. Lilikuwa limefungwa kwa waya lisisogee.

Mama alicheka. "Komeo limefanywa lifunge. Nyumba n'nayolala mimi, magharibi mlango unakomewa, mashetani wasipite. Kwao au kwetu, shetani ni yule yule."

"Mama, kakwambia usiguse."

"Kaniambia yeye. Mimi nshaambiwa na mama yangu."

Kule, wakati wa joto, jua linachelewa kuzama. Lilipozama, mama alifukiza ubani nyumba nzima, kisha akaukunjua ule waya kwa mikono yake. Akasema bismillahi. Akalisukuma komeo.

Lilikuwa limejaa kutu, lakini liliingia laini, kama lililopakwa mafuta jana.

Hapakupita muda.

Ngo! Ngo! Ngo!

"Asifungue mtu," alisema mama. "Abishaye magharibi hajibiwi."

Ngo! Ngo! Ngo! Sasa ilikuwa mikono mingi. Mwanamume alikuwa analia nje ya mlango. Lugha yake hawakuijua, lakini mtu anayeomba afunguliwe hahitaji mkalimani. Nyuma yake zikaja mbio za miguu, viatu vya mbao juu ya mawe... kwaka, kwaka, kwaka... Halafu pigo la kwanza.

Noof hakuwahi kusikia sauti ile kabla. Rungu juu ya kichwa cha mtu. Mara ya kwanza inalia kama nazi. Baadaye hailii tena kama nazi.

Mama alikaa chini, mgongo wake mlangoni, tasbihi mkononi, anasoma. Badr alipanda mbio ghorofani akafungua dirisha. Njia ilikuwa tupu. Pale kwenye kona, watoto walikuwa wanakula aiskrimu.

Asubuhi Bibi Odile alikuja, akaliona komeo, akaziba mdomo wake kwa kiganja. Kisha akaichukua mikono ya mama na kuigeuza. Viganja vyote viwili vilikuwa vyeupe.

Unga.

Ndipo alipowasimulia, na simu ikatafsiri bila huruma, neno kwa neno. Zamani wageni walikuja mji ule kuchota chumvi. Siku moja palitokea ugomvi, na watu wa mji wakawawinda wageni vichochoroni kwa marungu na majembe. Wachache walikimbilia mlango huu, kwa sababu mwoka mikate alikuwa akiwauzia mkate. Walibisha. Mke wa mwoka mikate alikuwa ndani peke yake. Alisukuma komeo, akakaa chini, mgongo mlangoni, mpaka nje kukawa kimya.

"Na huyo mwanamke?" Noof aliuliza.

Bibi Odile alimtazama mama, kisha viganja vyake vyeupe. Aliwarudishia fedha zao na kuwaomba waondoke kabla ya jioni.

Shangazi Maha aliposikia habari hii alisema, "Hicho kitu hakikumfuata mama yenu. Kimemtambua."

Wiki ile ile waliyorudi Maskat, mama alimwita fundi, akautia mlango wa mbele komeo la chuma.

Sasa adhana ya kwanza ya magharibi ilisikika kutoka msikiti wa mbali. Noof alikwenda jikoni kutazama dirishani. Barabara ilikuwa tupu. Akampigia simu Badr. Simu ikalia chumbani kwake, juu ya kitanda. Kaisahau.

Akasikia hatua za mama zinashuka ngazi.

Bi Nasriya alikuwa amevaa kanga mpya, nywele zimechanwa vizuri. Mkononi alishika chetezo, makaa yake mekundu, moshi wa ubani unapanda. Lakini juu ya ubani palikuwa na harufu nyingine. Hamira... unga ulioumuka... mkate unaoiva ndani ya nyumba ambamo hamkuwashwa tanuri.

"Mama, tusubiri kidogo leo."

"Jua limezama, mwanangu."

"Badr yuko nje. Kenda kununua mkate."

Mama alisimama mbele ya mlango. Aligeuza uso, na sauti yake ilikuwa tamu, ile ile ya kila siku.

"Badr gani?"

Akalisukuma komeo.

Noof alimrukia. Hakuwahi maishani mwake kumshika mama yake kwa nguvu, na mkono wake wenyewe ulisita. Mama hakusita. Alimpiga kwa chetezo cha udongo kwenye shavu, makaa yakaruka, mengine yakaingia shingoni mwa Noof, mengine yakatua juu ya zulia na kuanza kutoa moshi. Noof alianguka. Alipofungua macho, mama alikuwa ameshakaa chini, mgongo wake mlangoni, miguu kainyoosha. Viganja vyake vilikuwa vyeupe.

Nje, gari ilisimama.

Geti likalia. Badr alikuwa anapiga mluzi. Ufunguo uliingia kwenye kitasa, ukazunguka, mlango ukagoma.

"Noof! Wee! Nshafika, fungua. Mkate unaniunguza."

"Badr, kimbia!" Noof alipiga kelele. "Rudi garini! Kimbia!"

"Nini? Sisikii. Fungua bwana, acheni mchezo."

Kwaka...

Mluzi ulikatika.

Kwaka, kwaka, kwaka. Viatu vya mbao juu ya vigae vya baraza ya Hail. Wengi. Hawakuja kwa haraka.

"Nyie nani?" Badr aliuliza. Sauti yake ilikuwa bado ya kiume. "Mnataka nini? Ah... ah! Noof! Noof, fungua! Mama!"

Pigo la kwanza lilitikisa mlango.

"Mama, wanamuua! Mwanao huyo! Badr wako!"

Bi Nasriya alikuwa anatikisa kichwa taratibu, macho kayafumba, midomo inacheza. Hakuwa anasoma Kurani. Alikuwa anahesabu mapigo, kwa lugha ambayo hakuwahi kujifunza.

Noof alimshika nywele. Alimvuta kwa nguvu zote, na shingo ya mama ikapinda, lakini mwili haukusogea hata kidogo. Ni kama kuvuta nguzo. Alimvuta mguu. Mama alimpiga teke la tumboni, pumzi ikamtoka. Akarudi. Mama akamkamata ule mkono wenye bendeji, akavipinda vile vidole viwili kinyume, na Noof akasikia mfupa wake mwenyewe unavunjika mara ya pili.

Nje, Badr hakuita tena jina la mtu. Alikuwa analia tu, kama mtoto.

Juu ya meza ya ukumbini palikuwa na mdele wa shaba, lile birika la kahawa la wageni, mzito. Noof aliushika kwa mkono mzima uliobaki.

"Nisamehe, mama."

Alimpiga. Mama hakuanguka, alitabasamu, na damu ikamshuka puani. Noof alimpiga tena, akalia, akampiga tena, mpaka kile kichwa chenye nywele zilizochanwa vizuri kikalala begani na mwili ukawa mwepesi ghafla, mwili wa mama, wa mwanamke mfupi anayeumwa magoti. Noof akamburuta pembeni. Zulia lilikuwa linawaka ukingoni. Akalikanyaga kwa miguu mitupu.

Akashika komeo.

Lilikuwa la baridi kama barafu. Liligoma. Alilikazania, akalipiga kwa mdele, akaivua bendeji kwa meno isimzuie, na vidole vilivyovunjika vikafanya kazi pamoja na vile vizima, hana habari tena na maumivu.

Komeo likatoka.

Mlango ulifunguka kwa uzito wa Badr. Aliangukia ndani, uso chini, nusu ya mwili wake ukumbini na nusu nje. Kanzu yake ilikuwa nyekundu mpaka kiunoni. Kichwa chake upande mmoja hakikuwa na umbo lake. Alikuwa anapumua. Povu la damu lilikuwa linatoka na kurudi puani mwake, polepole. Noof aliliona povu lile, na akashukuru Mungu kwa sauti.

Akatazama nje.

Barazani hapakuwa na mtu. Taa ya barabarani ilikuwa imewaka. Mikate ilikuwa imetawanyika juu ya ngazi, bado inatoa mvuke. Nyumba ya pili mtu alikuwa anamwagilia bustani, na maji ya mpira yalisikika yakimwagika kwenye majani kana kwamba hakuna lolote lililotokea Hail jioni ile. Juu ya vigae vya baraza, kila mahali palipokuwa na damu, palikuwa na chembe nyeupe pia. Chembe kubwa kubwa, chafu. Chumvi.

"Kaza roho," alimnong'oneza Badr. "Nshakushika. Kaza roho, kaka yangu."

Alimtia mikono makwapani, akamvuta. Alikuwa mzito. Miguu ikavuka kizingiti, kiatu kimoja kikabaki nje, akakiacha. Akamlaza kwenye sakafu. Badr alifumba mdomo, kichwa kikaegemea mguu wa dada yake, kimya.

Nyuma yake mama alikohoa. Noof aligeuka. Bi Nasriya alikuwa amejiinua kwa kiwiko, uso umevimba, na macho yake yalikuwa macho yake. Alimwona mwanawe juu ya sakafu. Akapiga ukelele, ukelele wa mzazi, usio na mwingine ndani yake.

"Funga!" alilia. "Funga mlango, Noof! Wallahi mimi huyu, mama yako! Yule mwanamke keshatoka, kakimbia, lakini wao wangalipo! Funga, mwanangu, funga upesi!"

Noof alishika kitasa.

Upepo wa pwani ulikatika ghafla. Maji ya jirani hayakusikika tena. Akahisi, bila kuona, kwamba baraza imejaa. Watu wamebanana pale, bega kwa bega, mpaka kwenye ngazi, mpaka getini. Hawa si wale wenye marungu, hawakuwa na viatu vya mbao. Alijua walikuwa miguu mitupu, kwa sababu aliona alama za maji ya chumvi zikitokea juu ya vigae, unyayo baada ya unyayo, na zote vidole vyake vimeelekea ndani. Hawakusukuma. Walikuwa wanangoja wafunguliwe, kwa adabu, kama wageni.

"Funga!" mama alilia.

Noof alianza kuusukuma. Mlango ulisogea kidogo, ukabaki wazi kiasi cha uso wa mtu.

Na katika ule uwazi akasikia sauti, karibu kabisa na sikio lake, imechoka, haina hasira. Ilikuwa sauti ya Badr, ingawa Badr alikuwa amelala miguuni pake, mdomo umefumba.

"Na sisi, Noof?"