Nani Arudishe Ufunguo Kwanza

"Usiniguse, Roelof. Treni ya Groningen inaondoka saa sita na dakika kumi."

Wietske akabonyeza kitufe cha mlango wa nje. Roelof naye, kwa hasira, akabonyeza cha mlango wa maabara. Sekunde ileile! Haukufunguka hata mmoja. Wakabaki katikati, ndani ya kile kichumba cha kioo kidogo kama kabati, na mimi Sjef wa mapokezi, hapa Eindhoven, nikiwatazama kama samaki wa mapambo.

"Programu ya mlango wa nje aliandika nani?" Roelof akauliza.

"Mimi. Ya ndani wewe. Wiki tatu tunaachiana vikaratasi mezani, ulitegemea nini?"

Milango ile haitakiwi kufunguka pamoja. Kwa hiyo kila mmoja ulikuwa na semafori yake, yaani ufunguo ndani ya kompyuta: programu inauchukua, ikimaliza inaurudisha. Kufungua mlango wowote, sharti ushike zote mbili. Programu ya Wietske ilianza kuchukua wa nje. Ya Roelof ikaanza na wa ndani. Kila moja ikakumbatia wake, ikangoja wa mwenzake. Mpaka kiama.

Roelof akachomoa simu.

"Naiua programu yangu."

"Thubutu! Hii ni lugha ya C, bwana. Ukiiua itakufa na ufunguo mkononi. Kama wewe tu. Nilikuomba tuhamie pamoja, ukanyamaza. Ndiyo hukusema, hapana hukusema."

Nikamtumia Wietske ujumbe: "Vlaai yako ya kuaga, hii keki ya matunda, ni tamu. Nimekula vipande vitano tu. Pataneni kabla sijaimaliza."

Hakucheka.

"Nikirudisha wangu," Roelof akasema taratibu, "mlango utakaofunguka ni wako. Utaondoka."

"Ndiyo."

"Niliogopa, Wiets. Baba na mama waliishi nyumba moja miaka thelathini bila kusemeshana."

"Na sisi tumeanza kabla hata ya nyumba."

Roelof akaandika sem_post, amri ya kurudisha ufunguo, akabonyeza.

Tik! Mlango wa nje ukaachia. Wietske akabeba begi, akatoka hatua nne. Kisha akarudi mbio, akauzuia mlango kwa mguu.

"Umeganda nini hapo?"

"Ndiyo," Roelof akasema.

"Ndiyo nini?"

"Ya wiki tatu zilizopita. Tuhamie. Hata Groningen."

Walifunga ndoa mwezi Juni. Ofisa wa ndoa alipouliza swali lake, wakajibu wote wawili, sekunde ileile. Mimi nilikwisha ruka zamani, nikauzuia mlango wa ukumbi kwa kiti.