Bango la Manjano na Kamba Mbili za Viatu

“Inatangazwa kwa raia wote wa mji wa Manizales: mahali hapa patajengwa jumba la makazi la ghorofa tisa. Mwenye pingamizi na ajitokeze!”

Bango la manjano lenye maneno hayo mazito lilining’inia Ijumaa asubuhi kwenye lango la shule ya masista, likishikiliwa na kamba mbili za viatu.

“Shule inavunjwa!” wanafunzi walishangilia. “Kwaheri hesabu!”

Sista Bernarda, mwalimu mkuu, alivaa miwani akasoma hadi mstari wa chini kabisa, ambao hakuna mwingine aliyeufikia. Akakuta anwani ya kiwanja cha mtaa wa pili.

“Tulieni,” alisema. “Shule ipo. Na mtihani wa hesabu upo.”

Dulfary Buriticá, msichana wa miaka kumi na mitatu, alicheka mpaka akashika mbavu. Kila asubuhi alipita kiwanjani kumsalimu mlinzi mzee, don Eliécer kama walivyomwita kwa heshima, naye alikuwa akimkatia kipande cha arepa, mkate wa mahindi. Siku hiyo, mzee alipoingia kibandani kumchemshia maji ya sukari guru, Dulfary aling’oa bango akatoroka nalo. Mzee alipotoka na kikombe hakukuta mtoto wala bango.

Kicheko kilimkauka Dulfary pale shangazi yake Nohemí alipoingia uani mwa shule akihema. Shangazi alikuwa wakili wa vibali vya ujenzi vya kiwanja hicho, na Sista ndiye aliyempigia simu. Nyuma yake alikuja injinia Londoño, msimamizi wa ujenzi huo, na don Eliécer, kofia mkononi.

“Leo ni siku ya tano, Sista,” shangazi alisema. “Sheria inatupa siku tano tu tupeleke picha ya bango likiwa limesimama kiwanjani. Siku nne ukungu umetunyima picha. Tukikosa na leo, ombi letu linatupwa, na familia arobaini zitakazohamia humo zinaanza kungoja upya.”

Dulfary alizijua familia hizo. Nyumba zao ziliporomoka na kilima wakati wa mvua. Moja ilikuwa ya don Eliécer. Ndiyo maana kila usiku alilala kibandani.

“Mzee, ulikuwa wapi bango likiibwa?” injinia alifoka. “Ulilala?”

Don Eliécer alimtupia Dulfary jicho mara moja tu. “Nililala, bosi.”

“Basi kalale kwako. Kesho usije.”

Mzee alienda langoni, akafungua zile kamba taratibu, akazitia mfukoni kabla mtu hajaziangalia vizuri. Dulfary alimwona. Uso ulimwaka kama aliyepigwa kofi, lakini mdomo haukufunguka.

Sista alimruhusu Dulfary amsaidie shangazi kubeba bango. Wakiwa na injinia na mzee, walilirudisha mahali pake kiwanjani, picha ikapigwa, na punde ukungu ukateremka ukafunika kiwanja chote.

“Tumepona,” shangazi alisema, akajifuta jasho. “Dulfary, unajua bango hili ni la nini? Mimi nalipwa kumsemea mwenye kiwanja. Bango linawapa majirani nafasi yao. Hata muuza maua pale pembeni asome, na akitaka aseme ‘sikubali’ kabla tofali la kwanza halijawekwa. Anayelificha anawaziba watu midomo. Na anayenyamaza mwenzake akiadhibiwa kwa kosa lake, huyo ni mbaya zaidi.”

Macho yake yakashuka mpaka kwenye viatu vya Dulfary, vilivyoachama kama vyura.

“Na viatu vyako, mwanangu, vina nini?”

“Ndiyo mtindo wa watoto wa siku hizi, wakili,” don Eliécer alidakia.

Hapo Dulfary hakuweza kuvumilia tena. Alinyoosha kiganja.

“Naomba kamba zangu, don Eliécer.” Akamgeukia injinia. “Hakulala. Alikuwa ndani ananichemshia kinywaji. Bango nililing’oa mimi, ili watu wacheke.”

Injinia Londoño alikohoa, akatazama vidole vyake. “Mzee, nisamehe. Kesho uje kama kawaida.”

“Vizuri,” shangazi alisema, akielekeza kidole shuleni. “Sasa maneno hayohayo utayasema mbele ya Sista na wanafunzi wote. Waliocheka pamoja nawe wasikie na mwisho wake.”

Dulfary aliinama kufunga viatu. Hakuwahi kufunga kamba polepole namna ile.