Tanuri Halitoki Hapa

Kila alfajiri Mama Mikate alinawa mikono mpaka viwikoni, akaanza kazi. Alipima unga wa ngano. Alitia hamira, sukari na chumvi. Alimimina maji ya vuguvugu, akakanda mpaka jasho likamtoka. Kisha alilifunika donge kwa blanketi la marehemu mama yake, akaliweka karibu na jiko lenye moto ili liumuke. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake. Blanketi hilo hakuna aliyeruhusiwa hata kulikalia.

Alihamia nyumba anayoishi sasa wakati wa baridi. Mikate ilitoka laini na imejaa vizuri, na majirani ndio waliompa jina la Mama Mikate. Halafu joto likaja. Mabati ya chumba cha tanuri yakawa hayagusiki. Mikate nayo ikageuka. Ilitoka imebonyea katikati, na ukiionja, ilikuwa na uchachu. Wateja wakaanza kuirudisha.

Shemeji yake, fundi wa baiskeli, alikuwa anakitamani chumba hicho tangu siku alipohamia, akifanye karakana yake. Sasa akaona mambo yamemnyookea. Akaja na utepe wa kupimia.

"Shemeji, kubali tu," alisema huku akipima ukuta. "Mkono wako umeingia nuksi. Jumamosi nakuja na vijana tulitoe hili tanuri. Baiskeli hazichachi."

"Pima mpaka uchoke," alijibu Mama Mikate. "Tanuri halitoki hapa."

"Na mikate je? Hata kuku wangu wameisusa!"

"Kuku wako wamekuiga wewe. Hawajui kushukuru."

Shemeji aliondoka akicheka. Mama Mikate alifunga mlango, akalia kwa hasira. Tanuri lile alilijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali. Ndilo lililomfanya asimwombe mtu hata pesa ya chumvi. Eti apishe baiskeli! Thubutu!

Nyumba ya pili aliishi mwalimu wa mapishi wa chuo cha ufundi. Kuta zilikuwa nyembamba, na maneno yote aliyasikia. Akabisha hodi.

"Mama Mikate, nisamehe, masikio hayana pazia. Naweza kuliona donge lako?"

"Lione. Lakini blanketi usiliguse. Ni la mama yangu."

Mwalimu aliliangalia blanketi, akaangalia jiko, kisha mabati. "Mama yako alikuwa anaoka wapi?"

"Kwetu milimani. Baridi ya kule inatetemesha meno."

"Basi mama yako hakukosea hata kidogo. Hamira ina uhai. Kwenye baridi inasinzia, kwa hiyo mama yako aliipa joto ili iamke. Hapa na sasa, hamira imeshaamka zamani. Wewe unamfunika blanketi mtu mwenye homa."

Mama Mikate alikunja uso. "Kwani donge si linaumuka? Mbona linajaa mpaka linamwagika?"

"Linaumuka haraka kupita kiasi. Hamira inaila sukari mbio mbio. Donge linajaa hewa, linachoka, kisha linanywea. Ndiyo maana mkate unabonyea. Na likikaa sana kwenye joto, linachacha."

"Kwa hiyo joto ndilo linanifukuza kwenye tanuri langu?"

"Joto na shemeji yako," mwalimu alisema, na wote wawili wakacheka.

"Basi hawanipati, wote wawili! Nifundishe."

Alfajiri iliyofuata walikanda pamoja. Walitumia maji ya baridi ya mtungini badala ya maji ya vuguvugu. Hamira waliipunguza. Donge waliliweka mbali na jiko, kwenye kona yenye kivuli, wakalifunika kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri.

"Kitambaa kibichi cha nini tena?" aliuliza Mama Mikate.

"Joto linakausha. Donge likiachwa wazi, juu linafanya gamba gumu, halafu linashindwa kupanda. Sasa usiitegemee saa. Siku ya joto donge huwahi, siku ya baridi huchelewa. Libonyeze kwa kidole. Shimo likirudi upesi, bado. Likirudi polepole na kuacha alama kidogo, liko tayari kuokwa. Lisiporudi kabisa, umechelewa."

Mama Mikate alibonyeza. Shimo likarudi polepole. "Tanurini!" alipiga kelele, akasahau kwamba majirani wamelala.

Mikate ilitoka imesimama wima. Mama Mikate alimega mmoja ungali moto. Haukuwa na uchachu hata chembe.

Jumamosi shemeji alifika na vijana wake wawili. Mlangoni walikuta watu wamejaa.

"Tupisheni, tupite!" alisema shemeji.

"Upite uende wapi?" mama mmoja alimgeukia. "Panga foleni kama wenzako!"

Vijana wake ndio walioitii foleni kwanza. Shemeji naye akasimama nyuma yao, utepe mkononi. Zamu yake ilipofika, Mama Mikate alimpa mkate mzima. Alimega, akatafuna, akamega tena. Utepe akauingiza mfukoni.

"Kumbe si nuksi," alisema kwa sauti ndogo, akilitazama donge lililofunikwa kwa kitambaa. "Na lile blanketi la mama yako, umelitupa?"

"Nilitupe? Liko kabatini. Baridi ikirudi litafanya kazi yake," alijibu Mama Mikate, macho yake yakiwa kwa mteja anayefuata. "Na baridi ikirudi, shemeji, utanikuta hapa hapa."