Jina Lililokatwa kwenye Santuri

Jumamosi, tarehe kumi na moja Juni mwaka 2005, saa kumi na dakika ishirini alasiri, Kaloki alilikata jina la marehemu kwa kubonyeza kwa kidole kimoja. Tangu saa hiyo nyumba ile ya mtaa wa Jamhuri haikuwa na amani.

Nyumba ilikuwa ya Peres. Mume wake wa kwanza, Zedekiah Obuya, alifanya kazi ya uchapishaji mjini mpaka figo zilipomshinda, akazikwa kwao Ugenya. Baadaye Peres aliolewa kanisani na Kaloki, karani mpole aliyeimba besi kwenye kwaya. Kaloki akahamia hapo. Alipenda kila kitu cha Peres isipokuwa ukuta mmoja wa sebuleni, uliojaa santuri za Obuya kutoka sakafuni hadi juu. Alikula akitazamana nazo. Aliomba akitazamana nazo. Wakati mwingine alihisi yeye ndiye mgeni na marehemu ndiye mwenyeji.

Ndipo akanunua kompyuta ya mtumba.

"Tuzihamishe humu," alimwambia Peres. "Santuri zinaharibika. Zikishaingia kwenye kompyuta, hizi zenyewe tumpe binamu yako kule Kisumu."

"Sawa. Lakini usipoteze hata moja."

Kazi ilikuwa ya polepole. Pleya ya santuri iliunganishwa na kompyuta kwa waya, santuri ikazunguka mpaka mwisho, na kompyuta ikasikiliza. Sauti ilionekana kwenye skrini kama milima na mabonde. Kisha Kaloki alivaa hedifoni na kuondoa mikwaruzo mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mchele.

Jumamosi hiyo aliweka santuri moja ya benga, muziki wa magitaa wa Wajaluo. Jacklyne, mdogo wake Peres, alikuwa amekuja kutembea, na Peres alikuwa jikoni. Katikati ya wimbo magitaa yalishuka, mwimbaji akaacha kuimba na kuanza kusema. Kaloki hakujua Kijaluo, lakini alisikia majina mawili: Obuya na Peres.

"Anasema nini huyo?"

Jacklyne alicheka. "Ai, shemeji, hujui? Sisi kwetu mtu akifurahi anasimamisha bendi, anatoa hela, anasifiwa mbele ya watu. Obuya alienda nao mpaka studio mwaka ule wa harusi. Anasema, 'Zedekiah Obuya, mwenye Peres, kiti chake hakikaliwi na mwingine.'"

"Hakikaliwi na mwingine?"

"Na wewe umekikalia!" Jacklyne alipiga makofi. "Sasa shem, umekasirika? Unashindana na mtu aliyezikwa?"

"Nani amekasirika?" Kaloki alisema, naye akacheka. Lakini Jacklyne alipokwenda jikoni kuchukua chai, Kaloki alirudi kwenye kile kilima kimoja katikati ya wimbo, akakipaka rangi kwa kipanya, akakifuta. Pakabaki mstari mnyoofu, kimya cha kama pumzi kumi. Alihisi raha fupi, kama mtu aliyejikuna.

Alipousikiliza tena wimbo jioni, mstari haukuwa mnyoofu. Ulikuwa ukitetemeka kidogo sana. Aliongeza sauti. Ndani ya kile kimya mtu alikuwa akivuta pumzi.

Aliirudisha santuri yenyewe kwenye pleya, akidhani jina bado limo. Sindano ilifika mahali pale ikateleza bila mlio. Aliinua santuri kwenye taa. Mifereji yote ilionekana, ila pale palikuwa laini kama kioo, kana kwamba mtu amepalamba.

Hakumwambia Peres. Angemwambia nini?

Wiki iliyofuata Peres alianza kusikiliza. Alirudi kazini, akavua viatu, akavaa hedifoni kabla hata ya kusalimia. Aliuchagua wimbo uleule, akafumba macho, na kila ulipofika kwenye kimya alitabasamu. Kaloki hakuwahi kuliona tabasamu lile.

"Unasikia nini?"

"Ananiita."

"Nani anakuita, Peres?"

"Wewe si unajua." Alisema taratibu, kama mtu anayemficha mtoto jambo la wakubwa.

Kaloki aliumwa na wivu. Angeweza kumpiga mwanamume aliye hai, au kumkabili, au kumshitaki kwa mchungaji. Lakini huyu alikuwa kwenye waya. Alianza kunusa harufu sebuleni, harufu ya mafuta ya nywele ya zamani iliyochanganyika na udongo uliochimbwa sasa hivi, na harufu ilikuwa nzito zaidi kwenye kiti kilichokuwa karibu na pleya. Siku moja alitaka kukikalia ili afunge kamba za viatu.

"Usikae hapo," Peres alisema bila kugeuka. "Pana mtu."

Peres aliacha kula. Akipika alipakua sahani mbili, yake na ya kile kiti, na Kaloki akajipakulia mwenyewe. Sikio la kushoto la Peres likawa baridi kama chuma cha nje asubuhi. Kaloki alipoligusa alisukumwa mkono.

"Huu wivu wako utaniua," Peres alinong'ona, na sauti aliyonong'ona nayo haikuwa yake peke yake. Kulikuwa na nyingine chini yake, nene, iliyosema maneno yaleyale ikichelewa kidogo.

Halafu jioni moja, wakati majirani wakipika, stima ilipotea mtaa mzima. Skrini ikafa, feni ya kompyuta ikanyamaza, mtoto wa jirani akalia akaambiwa atulie, na katika giza lile ambalo halikupaswa kuwa na sauti yoyote ya muziki magitaa yakaendelea kupiga, kwa utulivu, yakishuka kama yalivyoshuka siku zote kabla ya jina, na Kaloki akapapasa ukutani akaufuata waya mpaka mwisho wake akakuta haujachomekwa popote, akaushika mkononi ukiwa wa moto kama mkono wa mgonjwa wa homa, na hapo magitaa yakanyamaza na kitu kilichokuwa kwenye kile kiti kikasema kwa Kiswahili, polepole, ili aelewe:

"Uliniachia nafasi. Mimi sikuwa na jina. Sasa mwenye Peres ni mimi."

Peres alicheka gizani, kicheko cha bibi harusi.

Asubuhi Kaloki alimpigia Jacklyne simu akamweleza yote, hata lile la kufuta.

"Shemeji," Jacklyne alisema, na safari hii hakutania. "Ulifuta sifa ya marehemu? Ukaacha hapo wazi? Mungu wangu. Sifa ni ya mwenyewe. Ukimwondoa mwenyewe, yeyote anaingia."

Jumapili baada ya ibada alikuja na Mama Annah, mwombezi kutoka Mutuini, mama mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani na mkoba wa kiondo. Mama Annah hakukemea wala hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, akavuta hewa, akasema, "Marehemu wamelala. Wanamngoja Bwana. Huyu si Obuya."

"Ni yeye," Peres alisema kutoka sakafuni. Alikuwa amekaa karibu na kiti, kichwa kikikiegemea, hedifoni masikioni.

"Mwanangu, Obuya alikuacha unakula. Huyu anakula wewe." Kisha akamgeukia Kaloki. "Wewe ndiwe uliyefungua. Rudisha ulichotoa. Kwa mdomo wako."

"Niseme nini, Mama?"

"Msifu. Na usidanganye. Huyu akisikia uongo anazidi kukaa."

Jacklyne alichomeka maikrofoni ndogo kwenye kompyuta, ili sauti iingie pale penye kimya. Mama Annah alishika mkono wa Peres na kuanza kuomba kwa sauti ya chini. Wimbo ukaanza. Magitaa yakashuka. Kaloki akainama.

"Zedekiah Obuya," alisema, "mtu mashuhuri, rafiki wa wote..."

Kiti kililia. Harufu ya udongo ilijaa mpaka Jacklyne akakohoa, na kile kitu kikacheka kupitia mdomo wa Peres, na damu nyembamba ikachirizika kutoka sikio lake la kushoto.

"Humjui!" Mama Annah alisema. "Sema unachokijua!"

Kaloki aliurudisha wimbo mwanzoni. Alimtazama mke wake, mifupa ya mabega yake, midomo iliyokauka, akaukumbuka wivu ule aliokuwa ameulisha tangu siku ya harusi. Akaona wazi kwamba ama aumeze ama amzike Peres. Magitaa yakashuka tena.

"Zedekiah Obuya," alisema, sauti ikivunjika. "Mimi sikukufahamu. Lakini nilimwoa mwanamke asiyeshtuka mume akifungua mlango. Nilimwoa mwanamke anayecheka kwa sauti ndani ya nyumba yake. Hilo sikulifanya mimi. Ulilifanya wewe. Nimekuonea wivu kwa sababu ulimpenda vizuri. Mwenye Peres ni wewe, Obuya, kwa siku zako zote ulizopewa. Hakuna atakayekaa hapo."

Kitu kikapiga yowe moja refu, ambalo halikutoka kwenye spika wala kwenye kiti bali kwenye kuta zenyewe, kwenye santuri zote kwa pamoja, kana kwamba kila moja imekwaruzwa na sindano ileile. Kioo cha dirisha kikapasuka, kiti kikaanguka kifudifudi, na hewa safi yenye harufu ya majani ya Jamhuri Park ikaingia ndani.

Peres alizivua hedifoni mwenyewe. Akalia kwa sauti, kama ambavyo hakuwahi kulia makaburini, akilitaja jina la Obuya, na Kaloki alimshika bila kumwambia anyamaze.

Sikio la kushoto la Peres halijasikia tena mpaka leo. Ukimwita upande ule, hageuki. Santuri hazikwenda Kisumu.

Siku ile Mama Annah aliwapigisha magoti wote, akamwambia Kaloki aongoze. Kaloki hakuwa na maneno mazuri. Alifumba macho.

"Bwana, mkumbuke mtumishi wako Zedekiah. Mtu asije akaitumia sauti yake tena. Umlaze mahali pasipo na maumivu ya figo wala kiu. Mwambie kwamba mke wake sasa anakula. Na siku utakapotuamsha sote, unipe moyo wa kumsalimia kwa mkono. Raha ya milele umpe, ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Apumzike kwa amani. Amina."