Kugeuza Kola

Asubuhi ile Fundi alifungua duka, akafagia vipande vya uzi, akapangusa vyerehani viwili. Kimoja kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha wifi yake, dada wa mume wake. Miaka saba walishona bega kwa bega, kila mmoja akimwita mwenzake wifi. Mteja mgeni alichanganyikiwa kabisa.

Siku hizo cherehani cha pili kilikuwa kimekaa tu. Kazi zilikuwa zimepungua. Wifi alikuwa amepata kibarua cha kufua mashuka katika hoteli ya mji mwingine, na mwisho wa mwezi angeondoka. Wote wawili walilijua hilo, ila hakuna aliyetaka kulitaja. Fundi akiliwaza tu, moyo ulimuuma.

"Umeandika ya wiki hii?" Wifi aliuliza.

"Ndiyo nahangaika," Fundi alijibu, simu mkononi. "Nimeandika vifungo, nimeandika zipu, nimeandika mpaka sindano. Niandike nini tena, wifi? Nyuzi?"

Fundi alikuwa na blogu, yaani ukurasa wake kwenye intaneti. Humo aliandika makala za ushonaji. Miaka minne nyuma aliambiwa kwamba akiandika mara kwa mara, wateja watakuja. Basi akawa anaandika kila wiki, hata akiwa hoi. Makala za zamani hakuzitazama tena.

Mara akaingia mama mmoja mtu mzima, miwani shingoni, daftari kwapani.

"Shikamoo, mama," walimsalimu kwa pamoja.

"Marahaba. Fundi wa sare za shule ni nani kati yenu?"

"Ni mimi."

Mama akashusha pumzi. "Hatimaye! Mwanangu, mimi ni karani wako. Mwaka mzima nakufanyia kazi, na wewe hata hunijui."

Fundi na Wifi wakatazamana. Mama akaketi, akaeleza. Aliponunua laini mpya ya simu, alianza kupigiwa na watu asiowajua. Huyu anataka sare za watoto wawili. Yule anauliza duka limehamia wapi. Kumbe namba ile zamani ilikuwa ya Fundi. Simu yake ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, laini ikaharibika, akachukua namba nyingine. Ile ya kwanza ilikaa bila kutumika, kisha ikauzwa kwa mtu mwingine.

"Mwanzo nilikasirika," mama alisema. "Baadaye nikaona watu hawa hawana kosa. Nikawa naandika majina na namba zao humu. Juzi nikamuuliza mmoja, namba hii umeitoa wapi? Akanitumia makala yako ya kumpima mtoto sare. Umeandika duka lipo nyuma ya posta. Nimekwenda, nimemkuta kinyozi. Ndiye kanielekeza huku. Anasema amechoka kuelekeza watu wako."

Fundi akapitisha kidole kwenye majina. Yalijaza kurasa tatu. Machozi yakamlengalenga.

"Mama, umeyaandika yote haya kwa ajili ya mtu usiyemjua?"

"Nilikuwa mhariri wa gazeti kabla sijastaafu. Nikiona kosa siwezi kulipita, mwili mzima unaniwasha."

"Sijui nikushukuruje. Ngoja niifute makala yenyewe. Aibu gani hii!"

"Weka simu chini!" Mhariri alimkemea. "Nikikuletea shati lililochakaa kola, utalitupa?"

"Silitupi. Naifumua kola, naigeuza upande wa pili, naishona tena."

"Basi na makala ifanye hivyo hivyo. Ukiifuta, kila aliyetumiwa na mwenzake atafungua akute patupu. Irekebishe palepale ilipo. Anwani yake ya intaneti isibadilike. Haya, nionyeshe blogu. Hapa mna wifi?"

"Ninaye mmoja tu, yule pale," Fundi alisema. "Naye mwisho wa mwezi anakatika."

Wote wakacheka. Ila Wifi aliwahi kuinama, akajifanya anatafuta sindano sakafuni.

Mhariri alimwonyesha Fundi sehemu ya takwimu, ambayo hakuwahi kuifungua. Inaonyesha kila makala inasomwa na watu wangapi. Fundi akaguna. Ile ya sare ilisomwa kuliko makala zote mpya zikijumlishwa.

"Unahangaika na nyuzi, na wasomaji wamejaa huku," Mhariri alisema. "Sasa isome kama wewe ni mteja."

Fundi akasoma taratibu. Akabadilisha namba ya simu. Akaandika mahali duka lilipo sasa. Kisha akasimama kwenye mstari mmoja.

"Hapa nilisema pindo la sketi liwe la kidole kimoja. Siku hizi naacha vidole vitatu, ili mtoto akirefuka tulishushe."

"Unaona? Umejifunza zaidi, makala haijui. Iambie. Halafu andika juu tarehe ya leo, na useme umebadilisha nini. Lakini usije ukabadilisha tarehe peke yake. Huko ni kumdanganya msomaji. Na hizi tatu fupi za zipu ziunganishe ziwe moja nzuri. Kila baada ya miezi mitatu, rudi uzikague."

Wifi aliinua kichwa. "Kitambaa kikibaki, sisi tunashonea mifuko. Haya maneno ya kupima hayawezi kushonewa kitu kingine?"

Mhariri akampigia makofi. "Yanaweza sana! Si kila mzazi anapenda kusoma."

Wifi akayasoma maelezo kwa sauti, Fundi akamrekodi kwa simu. Ujumbe huo wa sauti wakautuma kwenye kundi la simu la wazazi wa shule. Kisha Wifi akachora mtoto kwenye karatasi moja, na mishale ya kuonyesha pa kupima. Wakaibandika mlangoni. Makala moja ya zamani ilikuwa imefanya kazi tatu, na hakuna aliyeumwa kichwa.

Jioni hiyo Fundi alianza kuwapigia watu wa kwenye daftari, mmoja mmoja, akiwaomba radhi. Wengine walikwishapata sare kwingine. Mmoja akasema, "Fundi! Mimi nilidhani umeshafariki." Lakini wengi walifurahi, wakauliza njia.

Wiki mbili baadaye, shule zikikaribia kufunguliwa, benchi la dukani lilijaa wazazi na watoto. Vyerehani vyote viwili vilinguruma kutwa. Wifi alipiga simu hotelini, akawashukuru, akasema haendi tena. Fundi alimkumbatia mbele ya wateja, tepu ikiwa shingoni.

Kisha akampigia Mhariri.

"Mama, asante. Umenirudishia wateja, umeniachia na wifi yangu. Nitakuombea maisha yangu yote."

"Nashukuru, mwanangu," Mhariri alijibu. "Ila simu yangu nayo imekaa kimya. Hakuna anayepiga tena. Nilikuwa nimewazoea watu wako."

Wifi, aliyekuwa amesikia yote, akainyakua simu.

"Mama, kesho tunaanza kuunganisha zile za zipu, na hatuna mhariri. Njoo mapema, viti vinawahiwa."