Waya wa Printa kwa Mwalimu Josiah

Haya yalimpata rafiki yangu Sadik, fundi wa kompyuta pale Garsen, mwaka wa tisini na nane, mafuriko yalipopungua.

Nyumbani kwa Mwalimu Josiah kompyuta mbili zilitumia printa moja iliyokaa chumba cha pili, na ile ya sebuleni ilikuwa imeacha kuiona. Sadik alishuku waya. Akapiga magoti gizani nyuma ya kabati, penye tundu la ukuta ulimopita waya kwenda chumba cha pili, akauzungusha waya mkononi kama wafugaji wenzake Waorma wanavyoshika kamba ya ng'ombe mkorofi.

"Mwalimu, nikivuta, nawe vuta huko, nijue ndio huu!"

Akavuta. Upande wa pili nao ukavuta.

"Tena!"

Ukavuta kwa nguvu zaidi, na printa ikaanza kukwaruza ng'ambo ya ukuta, krrr, krrr.

"Sadik, bwana, unaongea na nani?" Josiah alikuwa mlangoni, amebeba chai ya mgeni. "Kule kwenye printa nimefunga. Ufunguo huu hapa."

Waya ukakazika. Ukambamiza Sadik ukutani, bega kwanza, kisha uso, tena na tena, hadi akasikia mfupa wa mkono ukialika.

"Kata! Utaning'oa mkono! Kata!"

Josiah akatwaa panga nyuma ya mlango, akaukata waya pale tunduni. Sadik akaanguka chali, damu mdomoni. Printa ikanyamaza.

Ndipo kile kipande kilichobaki mkononi mwake, kisichofungwa popote, kikanyooka taratibu kuelekea ukutani, kikaanza kumvuta.