Mkono Wenye Plasta

"Mkono huu ndio utakaounyosha kunipinga?"

Alikuwa amemshika mjukuu wangu kifundo cha mkono, anakisokota kama anakamua nguo. Mimi nilikuwa jikoni, mlango wazi, nawaona wote wawili. Mjukuu wangu ni daktari wa watoto, na huyo mchumba wake ni daktari wa mifupa. Harusi ilishatangazwa.

Ugomvi ulitoka kazini. Hospitali yao, kwa mara ya kwanza, ilikubali madaktari wenyewe wakae kwenye kikao cha kupanga malipo yao, na wenzao wakamchagua mjukuu wangu awasemee. Wakubwa walitaka daktari alipwe kwa kila upasuaji. Mchumba alishajenga nyumba kichwani kwa malipo hayo. Mjukuu wangu akamwambia atapinga, maana watu watapasuliwa hata wasiostahili kisu.

"Niachie, unaniumiza."

"Sema utaunga mkono."

"Sisemi."

Niliusikia mfupa kabla ya kumsikia yeye.

Nikatoka na mchi. Nilimpiga la bega, nikaongeza la mgongo, akaangukia meza na vyombo vyote, mdomo ukachanika, damu ikatapakaa sakafuni. Na huyo ndiye niliyekuwa namwita mume wetu. Mimi na mjukuu wangu tulikuwa tukiitana wake wenza, tunamgombea kwa utani mpaka anaona haya.

Hospitali alitufuata analia, mdomo umevimba, anaomba radhi mbele ya wauguzi. Picha ya mfupa ilipotoka akaidaka, akaiinua kwenye mwanga. Machozi yakakatika.

"Huu unataka chuma, mpenzi. Nitakupasua mwenyewe kesho."

Daktari mwenzake, mama mtu mzima, akamnyang'anya ile picha. Akasema mfupa haujahama, plasta inatosha.

Mjukuu wangu alimgeukia mchumba wake. Akasema polepole:

"Kikao hakijakaa bado, na umeshaanza na mimi."

Asubuhi ya kikao simu yake ililia, akanisomea ujumbe: "Nisamehe, zilikuwa hasira tu. Ukiwaambia nimekwisha. Sema uliteleza bafuni." Akaizima simu. Aliniomba nimfunge kilemba, kwa mkono mmoja hakuweza.

Yule mama daktari, naye alikuwamo kikaoni, ndiye aliyenisimulia. Mwenyekiti aliuliza nani anapinga malipo ya kila upasuaji. Mjukuu wangu akainua mkono wenye plasta. Wakamuuliza umepatwa na nini. Akawaambia nani kauvunja, kwa sababu gani, na nani alitaka kuupasua bila haja. Mikono mingine ikafuata, mmoja mmoja. Mpango ukafa hapo hapo, na kabla ya jioni polisi walikuwa wamemchukua mchumba wodini, amevaa koti lake jeupe.

Alipoachiwa kwa dhamana alinipigia mimi.

"Mke wangu mkubwa, niombee kwa mdogo."

"Baba, wake zako wote wawili tumekuacha," nikamwambia. "Na mchi uko pale pale."